Jaa la Tabata: Wananchi na Halmashauri Yao

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Fungu la Historia na Uraia.

  Natumaini kila mtu amekwisha kaa, na redio imewekwa mahali ambapo hata wazee walioko nyuma waisikia vizuri. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: JAA. SHERIA NDOGO. ZUIO. Wanafunzi, yasomeni polepole, herufi kwa herufi. Tutayakuta tena na tena katika somo la leo.

Watu wengi wakisikia neno historia hudhani kwamba ni habari za wafalme, vita na meli za zamani tu. Sivyo. Historia ni habari za watu, na watu hula, hufagia, na hutupa takataka. Leo nitawaeleza historia ya takataka za mji wa Dar es Salaam. Hasa nitawaeleza jinsi wananchi wa kawaida walivyoipeleka Halmashauri yao mahakamani kwa sababu ilikuwa ikimwaga taka karibu na nyumba zao, na jinsi walivyoshinda. Msicheke. Jambo hili ni kubwa, nanyi wenyewe mtaona mwishoni.

Sehemu ya kwanza: Taka za kijijini na taka za mjini

Wale waliozaliwa kijijini wanajua kwamba nyuma ya nyumba huwako shimo au mahali pa kutupia taka. Hutupwa hapo majivu, maganda ya mihogo, majani ya migomba na makapi ya mahindi. Kuku huparua. Mvua hunyesha, taka huoza, zikawa mbolea. Baada ya mwaka mmoja mtu hupanda maboga hapo hapo. Taka za namna hii hazimsumbui jirani, maana ni chache, zinaoza, na nafasi ni kubwa.

Mjini ni mambo mengine. Kwanza, watu ni wengi na nafasi ni ndogo. Pili, taka zenyewe si zile za kijijini. Kuna chupa, makopo, plastiki, betri za tochi, vitambaa na mafuta machafu ya magari. Vitu hivi haviozi upesi, na vingine haviozi kabisa. Kwa hiyo kila mji duniani umelazimika kuwa na mtu wa kuziondoa taka, na mahali pa kuzipeleka. Mahali hapo ndipo tunapopaita jaa, au jalala. Siku hizi watu wengi husema dampo. Na yule mwenye wajibu wa kuziondoa ni halmashauri ya mji.

Katika zama za Mwingereza, Dar es Salaam iligawanywa katika sehemu tatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kazi ya usafi haikufanywa sawasawa. Uzunguni barabara zilifagiwa na mitaro ilizibuliwa. Uswahilini watu walipata huduma kidogo, ingawa wao ndio waliokuwa wengi. Mwaka 1949 Dar es Salaam ilipewa cheo cha manispaa, na Desemba 1961, mara baada ya Uhuru wa Tanganyika, ikawa jiji. Wakati huo watu wake walikuwa bado hawajafika laki tatu.

Kisha mji ukakua kwa haraka. Sikilizeni hesabu hizi, na Mwalimu aziandike ubaoni. Hesabu ya watu ya mwaka 1978 ilionyesha kwamba Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu zaidi ya 840,000. Mwaka 1988 walikuwa zaidi ya 1,360,000. Mwaka 2012 walikuwa zaidi ya 4,360,000, na mwaka 2022 wakawa zaidi ya 5,380,000. Kila mmoja wa watu hao hula, na kila alaye huacha taka.

Lakini watu walipokuwa wakiongezeka, halmashauri zenyewe zilivunjwa. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani. Katika mpango huo halmashauri za wilaya na za miji ziliondolewa, na kazi zao zikachukuliwa na maofisa wa mikoa na wilaya. Nia ilikuwa kupeleka maendeleo karibu na wananchi. Mijini, hata hivyo, kazi ndogo ndogo za kila siku zilikosa mwenyewe. Mitaro ikaziba, barabara zikachimbika, taka zikalala mitaani. Katika miaka hiyo hiyo kipindupindu kikaingia nchini na kuua watu. Serikali ikaona kwamba mji hauwezi kukaa bila halmashauri. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, na mwaka 1982 ikatungwa sheria mpya ya Serikali za Mitaa kwa upande wa miji. Sheria hiyo iliziwekea halmashauri wajibu wa kutunza usafi na kuzuia mambo yanayodhuru afya ya watu.

Shikeni neno hilo, wajibu. Ni zito kuliko ruhusa. Ukipewa ruhusa, unaweza kufanya jambo au kuliacha. Ukipewa wajibu, huna hiari.

Sehemu ya pili: Moshi wa Tabata

Sasa twende Tabata. Ni upande wa magharibi ya jiji, ng'ambo ya bonde la Mto Msimbazi. Katika miaka ya 1980 magari ya Halmashauri ya Jiji yalikuwa yakimwaga taka za mji mzima hapo. Watu walikuwa wamejenga nyumba zao Tabata na kuishi humo pamoja na watoto wao. Jaa liliungua, moshi ukaingia majumbani. Uvundo ulijaa hewani, na nzi walitoka kwenye taka wakaja kwenye chakula. Mtu aliyezoea kusema kwamba mavi ya kale hayanuki angekwenda Tabata angebadili mawazo yake.

Wakazi hao walikuwa na njia gani? Wangeweza kuhama, lakini nani angenunua nyumba iliyo karibu na jaa? Wangeweza kuyapiga mawe magari ya taka, lakini wangekamatwa, na jaa lingebaki pale pale. Walichagua njia ya tatu. Waliandika madai yao na kwenda Mahakama Kuu, wakaishtaki Halmashauri ya Jiji. Kesi yao iliandikishwa kuwa Kesi ya Madai Namba 299 ya mwaka 1988.

Hapa yafaa tusimame kidogo tuangalie mwaka huo. Mwaka 1984 Katiba ya nchi yetu iliongezewa sehemu inayotaja haki za binadamu. Lakini haki hizo hazikuanza mara moja kudaiwa mahakamani. Serikali ilipewa muda wa kurekebisha sheria zake kwanza. Mwananchi aliweza kuzidai mbele ya jaji kuanzia mwaka 1988. Mojawapo ya haki hizo imo katika ibara ya 14 ya Katiba. Inasema kwamba kila mtu anayo haki ya kuishi, na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Maneno hayo ni machache. Mwanafunzi wa darasa la pili la kisomo anaweza kuyasoma yote bila kukwama. Lakini mtaona nguvu yake.

Mahakama iliwasikiliza wakazi, ikawasikiliza na wakubwa wa Halmashauri. Mwaka huo huo wa 1988 ikatoa hukumu. Iliiwekea Halmashauri zuio, yaani amri ya kuacha kumwaga taka Tabata. Kisha iliiamuru itafute mahali pengine, ambapo taka hazitahatarisha afya za watu.

Je, magari yaliacha kuja? Hayakuacha. Halmashauri ilirudi mahakamani ikaomba muda, kwamba haijapata mahali pengine. Muda ulipokwisha, iliomba tena. Wakazi wa Tabata walikuwa na hukumu mkononi, na moshi bado machoni. Nadhani wengi wenu mnaijua hali hiyo. Kushinda kesi ni jambo moja, na kupata ulichoshinda ni jambo jingine.

Mwaka 1991 ombi la Halmashauri la kuendelea kutumia Tabata lilifika mbele ya Jaji Lugakingira. Jaji huyu alishangaa sana. Nitawaeleza kwa maneno yangu yale aliyoyasema. Alisema kwamba hajapata kusikia popote duniani kuwa chombo cha umma, au hata mtu mmoja, anakwenda mahakamani kwa ujasiri kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akasema kwamba idadi ya watu hao si kitu, wawe wengi au wachache. Akaitaja ile ibara ya 14. Akasema kwamba kumweka mtu katika hatari kwa makusudi ni kumnyima haki yake ya kuishi, na kwamba kuitaka mahakama isaidie kazi hiyo ni jambo la kutisha. Akalikataa ombi.

Ndugu wanafunzi, angalieni vizuri jambo lililotokea hapo. Kila siku twasikia kwamba mtu akitupa taka mahali pasiporuhusiwa atashtakiwa na halmashauri. Na hiyo ni haki. Lakini huko Tabata, aliyekuwa akitupa taka mahali pasipofaa alikuwa halmashauri mwenyewe. Sheria haikumuuliza kwanza ana cheo gani. Ilimuuliza amefanya nini.

Sehemu ya tatu: Mkuki kwa nguruwe

Sasa Halmashauri ilikuwa na taka za mji mzima na haina pa kuzipeleka. Ikageukia upande wa kaskazini, ikaanza kuzimwaga Kunduchi Mtongani. Wazee walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mzigo ulioondolewa kichwani kwa watu wa Tabata uliwekwa kichwani kwa watu wa Mtongani.

Watu wa Mtongani nao wakaenda Mahakama Kuu. Safari hii hawakuwa wachache. Mkazi mmoja alitangulia, na wenzake 794 wakaungana naye. Jumla yao walikuwa watu 795 katika shauri moja. Shauri hilo lilikuwa Namba 90 la mwaka 1991, na liliamuliwa na Jaji Rubama.

Walieleza kwamba mpango wa jiji ulikuwa umelitenga eneo lao liwe la makazi. Walieleza kwamba taka, moshi na nzi vilihatarisha afya zao. Waliiomba Mahakama mambo matatu. La kwanza, ifute uamuzi wa Halmashauri wa kufanya Mtongani jaa. La pili, iikataze Halmashauri isiendelee. La tatu, iiamuru itimize wajibu wake wa kutafuta mahali panapofaa. Mahakama iliona kwamba Halmashauri ilikuwa imefanya kinyume cha sheria ile ile iliyoiunda, maana sheria iliipa kazi ya kuzuia uchafu, wala haikuipa kazi ya kuuleta. Wananchi wakashinda.

Nawaombeni mwifikirie hesabu hiyo ya watu 795. Si rahisi watu wengi namna hiyo kukubaliana. Mmoja anaogopa, mwingine anasema ana kazi, na mwingine anasema haya ni mambo ya wakubwa. Ilibidi kila jina liandikwe. Na kila mtu alihitaji kujua karatasi hizo zinasema nini. Mtu asiyejua kusoma aweza kusomewa na mwenzake, ni kweli. Lakini anayejisomea mwenyewe hatiwi hofu na karatasi.

Sehemu ya nne: Taka zilikwenda wapi?

Itakuwa si haki nikisimulia ushindi tu na kunyamaza juu ya shida. Halmashauri nayo ilikuwa katika dhiki ya kweli. Magari mengi ya taka yalikuwa mabovu, vipuri havikupatikana, na fedha zilikuwa chache. Inakadiriwa kwamba mwaka 1992 kati ya taka zote zilizopatikana mjini kwa siku moja, zilizoondolewa hazikufika asilimia 5. Maana yake, katika kila madebe 100 ya taka, yaliyochukuliwa hayakufika madebe 5. Madebe zaidi ya 95 yalibaki. Yalikwenda wapi? Yalichomwa uani, yalifukiwa, au yalitupwa mitaroni, mabondeni na pembeni mwa barabara.

Mwaka huo wa 1992 Serikali, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ilianza mpango wa kuusafisha mji na kuupanga upya. Jaa likahamishiwa Vingunguti. Lakini Vingunguti nako walikaa watu, tena wengi, na wengi wao maskini. Nako kuko karibu na bonde la Msimbazi. Basi nao wakavuta moshi ule ule karibu miaka kumi, mpaka jaa lilipofungwa mwaka 2001. Taka zikapelekwa Mtoni, upande wa Temeke. Baadaye, kabla ya mwaka 2010, zikahamishiwa Pugu Kinyamwezi, nje kabisa ya mji.

Na kazi ya kuzoa ikabadilika pia. Mwaka 1994 kampuni moja ya watu binafsi ilipewa kazi ya kuondoa taka katika kata za katikati ya mji, na wenye nyumba na maduka wakatakiwa kulipa ada. Baadaye mpango huo ukaenezwa katika kata nyingi zaidi. Vikundi vya kina mama na vijana vikapata kazi hiyo katika mitaa ambayo gari halipiti. Walitumia mikokoteni na matoroli, wakaziba pua kwa vitambaa, wakaingia vichochoroni. Wengi huwadharau watu hawa. Mimi nasema wanastahili heshima kama daktari, maana daktari huja mtu akisha ugua, nao huja kabla.

Sehemu ya tano: Wale wanaotupa usiku

Tumezungumza juu ya kosa la Halmashauri. Sasa tujizungumzie sisi wenyewe.

Kila mji una watu wanaotupa taka kwa siri. Wengine hungoja usiku wa manane. Wengine hungoja mvua kubwa, kisha hufungua viroba vyao na kuvimwaga kwenye mtaro ili maji yavichukue. Wengine ni wenye magari, waliolipwa kupeleka taka jaani. Wanaona jaa liko mbali na mafuta ni ghali, basi huzimwaga bondeni njiani na kutia mfukoni fedha za safari. Huyu wa mwisho ni mbaya kuliko wote, kwa sababu amelipwa mara moja na kudhuru mara mbili.

Kwa nini watu hufanya hivyo? Sababu ni nyingi. Jaa likiwa mbali, gharama hupanda. Ada ikipanda, maskini hushindwa kulipa. Gari la taka lisipokuja kwa wiki tatu, hata mtu mwema huchoka kukaa na uvundo mlangoni. Tena kuna uvivu mtupu, na kuna ile fikira kwamba mtaro si wangu, ni wa serikali.

Lakini maji hayana mwenyewe wala hayachagui. Desemba 2011 mvua kubwa mno ilinyesha Dar es Salaam, na watu wapatao 40 wakapoteza maisha. Sitasema kwamba takataka peke yake zilileta mafuriko hayo. Mvua ilikuwa nyingi kupita kiasi, na nyumba nyingi zilikuwa zimejengwa bondeni. Lakini mtaro ulioziba kwa taka hauwezi kupitisha maji, na maji yasiyopita mtaroni hupita chumbani. Tena, Agosti 2015 kipindupindu kilizuka jijini na kuenea mikoani. Mwaka huo sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zilifutwa kwa amri ya Rais Magufuli, na siku hiyo nchi nzima ikatakiwa kushika mafagio, makoleo na matoroli.

Je, halmashauri zinafanya nini juu ya wale wanaotupa kwa siri? Zina njia nne kubwa.

Njia ya kwanza ni sheria ndogo. Hizi ni sheria zinazotungwa na halmashauri yenyewe kwa ajili ya eneo lake. Madiwani ndio wanaozipitisha, na madiwani huchaguliwa na ninyi. Sheria ndogo husema wapi taka zitupwe, nani alipe ada, na anayevunja atozwe faini gani. Mara nyingi huandikwa kwa kifupi kwenye kibao: USITUPE TAKA HAPA. Mtu asiyejua kusoma hupita hapo akitupa, akakamatwa, asijue kosa lake.

Njia ya pili ni ukaguzi. Mabwana afya na mabibi afya hupita mitaani, na viongozi wa mtaa husaidia. Lakini bwana afya mmoja hawezi kulinda mitaro mia usiku kucha. Bila majirani hafiki popote.

Njia ya tatu ni kuondoa sababu. Pakiwekwa chombo cha taka mahali panapofikika, na gari likaja siku iliyotajwa, wanaotupa ovyo hupungua. Faini peke yake haiwezi kufanya kazi hiyo. Humwezi kumtoza mtu faini kwa kutupa taka mtaroni ikiwa hukumwonyesha pa kuzitupa.

Njia ya nne ni sheria kubwa ya nchi. Mwaka 2004, miaka 13 baada ya uamuzi wa mwisho wa Tabata, Bunge lilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Sheria hiyo inasema kwamba kila mtu aishiye Tanzania ana haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya. Inampa haki ya kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Inamwekea pia wajibu wa kuyalinda mazingira hayo. Na inazipa serikali za mitaa kazi ya kusimamia taka. Basi jambo walilolipigania watu wa Tabata wakiwa na maneno machache ya Katiba, sasa limeandikwa kwa urefu katika sheria.

Sehemu ya sita: Bibi na stakabadhi zake

Kabla ya kumaliza, nitawasimulia kisa kidogo nilichokiona mwenyewe. Siku moja nilikwenda kukagua darasa la kisomo katika kata moja ya mjini. Mzee mmoja, bibi mwenye wajukuu, alikuja na kopo la maziwa ya unga. Alipolifungua, lilikuwa limejaa stakabadhi. Akaniambia, "Mwanangu mwalimu, kila mwezi nalipa fedha za taka. Karatasi nazitunza, lakini sijui zinasema nini. Leo nataka kuzisoma mwenyewe."

Tulizipanga mezani, darasa zima likasimama kumzunguka. Bibi akaweka kidole juu ya kila karatasi, akasoma: Januari, Februari, Machi. Akafika stakabadhi nyingine, akasoma tena: Machi. Akanyamaza. Akairudia ya kwanza, akairudia ya pili. Kisha akasema, "Mwezi wa Machi nimelipa mara mbili, na Aprili haimo."

Hakupiga kelele. Kesho yake alizifunga stakabadhi zile katika ncha ya kanga, akaenda ofisi ya serikali ya mtaa pamoja na mwenzake mmoja wa darasa. Walimsikiliza. Mkusanyaji wa ada aliitwa, na akaandika stakabadhi ya Aprili mbele yake. Labda alikuwa amekosea tu, maana hata mwenye kalamu hukosea. Lakini kosa hilo lisingeonekana kamwe kama bibi yule asingejua kusoma neno Machi.

Hamkuja darasani kujifunza herufi ili tu muweze kuandika majina yenu, ingawa hilo nalo ni jambo jema. Mtu ajuaye kusoma anaweza kuisoma stakabadhi, akaisoma sheria ndogo, akaisoma na Katiba. Halmashauri ni mali yenu. Mkiitupia taka mtaroni, mnajitupia wenyewe. Na ikiwatupia ninyi, mnajua sasa kwamba kuna mlango wa kubisha, na kwamba watu wa Tabata na wa Kunduchi Mtongani walikwisha ubisha ukafunguliwa.

Hapo ndipo mwisho wa somo letu la leo. Mwalimu, sasa zima redio, na mzungumze maswali haya. 

Maneno ya kujifunza

Jaa: mahali pa kutupia takataka, jalala, dampo.
Sheria ndogo: sheria iliyotungwa na halmashauri kwa ajili ya eneo lake.
Zuio: amri ya mahakama ya kumkataza mtu au chombo kufanya jambo.
Ibara: fungu moja la maneno katika Katiba.
Wajibu: kazi ambayo mtu hana hiari ya kuiacha.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba mtu amelipa, risiti.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini taka za mjini zinasumbua kuliko taka za kijijini?
2. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka gani, na kwa sababu gani?
3. Ibara ya 14 ya Katiba inasema nini? Iandikeni ubaoni kwa maneno yenu wenyewe.
4. Watu wa Tabata walishinda mwaka 1988, lakini taka ziliendelea kuja. Mngekuwa ninyi, mngefanya nini katika miaka ile ya kungoja?
5. Je, ilikuwa haki jaa kuhamishiwa Vingunguti? Kama si haki, taka za mji zingepelekwa wapi?
6. Katika mtaa wenu taka huchukuliwa siku gani? Ada ni kiasi gani? Nani anatoa stakabadhi? Asiyejua aende akaulize, na alete jibu kabla ya somo lijalo.

Kazi ya kuandika

Andikeni barua fupi, mistari mitano hadi minane, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wenu. Mwelezeni mahali pamoja ambapo taka hutupwa isivyo halali, na mshauri jambo moja linaloweza kufanywa. Anzeni kwa salamu, tajeni mahali na tarehe, na mmalizie kwa majina yenu. Barua nzuri zaidi ipelekwe kweli, isibaki daftarini.